Jumanne ya Kliniki

Kabla ya kuajiriwa nilijitolea miaka miwili katika kituo cha afya Tunduma. Pale tulikuwa wahitimu wengi hata tukagombania kumfunga mgonjwa bandeji, na kila asubuhi nilifungua simu kuona kama majina ya ajira yametoka. Yalipotoka nikajikuta nimepangiwa zahanati moja bondeni Momba, njia ya kwenda Ivuna. Mama yangu, ambaye hajawahi kuishi nje ya milima ya Ileje, aliniuliza swali moja tu.

"Huko mtakuwa wangapi?"

"Tutatosha, mama," nikamjibu. Sikujua.

Tulikuwa watatu. Mganga mfawidhi, yaani mkuu wa zahanati, mwanamume mpole ambaye kila mtu alimwita dokta. Dada mhudumu, aliyefanya usafi, akapima uzito wa watoto na kunitafsiria Kinamwanga na Kisukuma. Na mimi, muuguzi pekee. Chuoni walitufundisha kuzalisha wawili wawili: mmoja abaki na mama, mwingine amshughulikie mtoto. Tulijifunza kwa mwanasesere wa plastiki, na hatukuuliza mmoja akikosekana inakuwaje.

Mwezi wangu wa tano, mhudumu alienda likizo ya uzazi. Jumatatu moja dokta naye akaitwa semina Vwawa, siku mbili.

"Utaweza?" aliniuliza, tayari yuko juu ya pikipiki.

"Kesho ni kliniki ya watoto, dokta."

"Chanja utakaowaweza. Wengine waje Alhamisi."

Alijua vizuri kama mimi kwamba wapo wanaotembea mwendo wa saa tatu kutufikia. Akawasha pikipiki, akaondoka, nami nikabaki nimesimama uani na funguo zote mkononi.

Jumanne saa mbili asubuhi mabenchi yalikuwa yamejaa. Nilichanja, nikaandika kadi, nikanyanyuka, nikachungulia nje, nikarudi kukaa. Sikuweza kutulia. Saa nne akaja mwanamke wa familia moja ya wafugaji, mimba ya tano, amefuatana na mke mwenzake. Nilimwingiza chumba cha kujifungulia, na haukupita muda akajifungua mvulana mwenye sauti kubwa. Nikamchoma sindano ya kukaza mfuko wa uzazi. Kondo la nyuma likatoka zima. Nikashusha pumzi.

Ndipo damu ikaanza kumwagika.

Nilikuwa nakanda tumbo lake kwa nguvu zangu zote mlango uliposukumwa. Aliyeingia alikuwa mama mtu mzima, khanga imemdondoka begani.

"Nesi, njoo! Binti yangu yuko chumba cha pili sakafuni, kichwa kinaonekana!"

"Siwezi kumwacha huyu."

"Basi wangu nani atampokea?"

Nikapaza sauti kuelekea kwenye mabenchi: kuna mtu yeyote anayejua kuzalisha? Kisha akasimama bibi mmoja aliyemleta mjukuu wake kuchanjwa. Nilimfahamu. Mwezi uliotangulia nilimfuata mpaka nyumbani kwake nikamgombeza mbele ya wakwe zake, kwamba aache kuzalisha wanawake majumbani, kwamba atakuja kuua mtu. Alisimama mlangoni, akanitazama.

"Ulinikataza."

"Leo nakuomba, bibi. Glovu ziko kwenye boksi pale dirishani. Vaa kwanza."

Alivaa glovu upesi kuliko mwanafunzi yeyote niliyepata kumwona, akatoka. Mimi nikaendelea kukanda. Niliongeza dawa, nikatundika dripu, nikapiga simu kuomba gari la wagonjwa huku nimeibana kwa bega. Damu ikapungua, lakini haikukoma. Kupitia ukutani nikamsikia bibi akimwambia binti asukume, kwa sauti ya chini, kama anayembembeleza mtoto ale. Halafu bibi akaita.

"Nesi! Katoka, ila halii."

Nilimtazama yule mke mwenza, aliyekuwa amejibanza kwenye kona, kichanga mikononi. Nikamlaza mtoto kifuani kwa mama yake. Nikaushika mkono wa yule mwanamke, nikauweka juu ya tumbo.

"Hapa. Unasikia pagumu kama ngumi? Pakilegea, kanda. Usiache hata kidogo."

"Nikikosea?"

"Niite."

Nikakimbia. Mtoto wa kike alikuwa amelegea kwenye kitenge, rangi imempotea. Nilimfuta, nikamsugua mgongo. Hakuna. Nikaweka barakoa ya pampu usoni pake nikaanza kumpulizia, nikihesabu kwa sauti kwa sababu nisingehesabu ningepiga kelele. Bibi alipiga magoti karibu yangu, mikono yake yenye glovu ameiinua juu, asiguse kitu. Kifua cha mtoto kilipanda, kikashuka, kikapanda. Kisha akakunja uso na kulia, kilio chembamba cha hasira. Sikusubiri kukifurahia, nikamwachia bibi, nikarudi mbio.

Mke mwenza alikuwa bado anakanda, jasho linamtoka.

"Pagumu," aliniambia.

Gari lilifika saa nane mchana. Yule mama aliyetokwa na damu alipelekwa hospitali, akaongezwa damu, na baada ya wiki alirudi kwake akitembea. Binti na mtoto wake hawakupata tatizo. Watoto wengi waliokuja kliniki walirudishwa bila chanjo. Baadhi yao sikuwaona tena. Siku chache baadaye alikuja msimamizi wa chanjo kutoka wilayani, akafunua daftari, akaniuliza mbona Jumanne ina majina machache. Nilimweleza. Akaandika kitu, akafunga kalamu.

Jioni hiyo niliandika barua ya kuomba uhamisho. Dokta aliisoma mara mbili.

"Sitakuzuia," alisema, akasaini.

Uhamisho ulikuja baada ya miezi kadhaa, kwenda hospitali huku Vwawa, ambako wodini tuko wengi kiasi cha kupokezana chai. Mtu wa kushika nafasi yangu alikuwa hajapatikana. Nilijua hilo, na nikafunga mizigo. Nasema hivi kwa sababu watu wakisikia habari za siku ile hunisifu.

Asubuhi ya kuondoka, bibi alikuja kuniaga na mfuko wa chumvi ya Ivuna. Alinishika mkono kwa muda mrefu.

"Sasa wewe unaenda," alisema. "Wakinigongea mlango, nizalishe au nisizalishe?"

Kwa mujibu wa mafunzo yangu jibu lilikuwa moja, nami nilimpa: awalete zahanati, dokta yupo.

"Na dokta akiwa semina?"

Pikipiki ilikuwa inaningojea. Niliingia ndani, nikachukua boksi la glovu, nikampa.