Gari la Kiliwazo

Mfaume alipomwacha Mwajabu baada ya miaka ishirini na miwili ya ndoa, wazee wa pande zote mbili walikaa barazani kule Temeke wakamwambia mtalaka hatoki mikono mitupu, mpe kiliwazo chake. Nyumba hakuitaja. Kiwanja hakukitaja. Akasema achukue gari. Na watu walivyo, waliondoka pale wakisema Mwajabu ana bahati, wanawake wangapi wanaachwa na kitenge walichovaa.

Gari lenyewe hawakuwa wamelipanda. Lilikuwa la milango miwili, jekundu, la kukimbia, Mfaume alilinunua siku zile anajiona bado kijana, kwa fedha ambayo nusu yake ilitoka kwenye vitumbua vya mkewe. Lilikaa chini sana, ukiwa ndani unaona magoti ya wapita njia. Kufikia siku ya talaka rangi ilikuwa imepauka mabegani, lakini ubovu wake hasa ulikuwa miguuni. Shokapu zimekufa, springi zimelala, likikanyaga ganda la muwa unalisikia kwenye meno.

Mwajabu alijua kuliendesha kwa sababu mwaka mmoja Mfaume alivunjika mguu, akamfundisha ili ampeleke kwenye shughuli zake. Baadaye sana ndipo alipojua kwamba shughuli mojawapo ilikuwa mwanamke aliyemweka Mbagala. Alikuwa akimpeleka mwenyewe, anamsubiri nje garini, kanga imefunika kichwa kwa jua, na chupa ya maji ya mumewe kamwekea kivulini isipate moto.

Akaondoka na gari lake mpaka Chanika, kwa mama yake, Bi Tunu, aliyekuwa na nyumba ya vyumba viwili na bustani ya mchicha. Gari likaegeshwa uani. Miaka miwili kuku walitagia kiti cha nyuma. Mwajabu akarudi kwenye vitumbua, asubuhi anakaanga, jioni anashona nguo za watoto kwa cherehani, na jina la Mfaume halikutajwa mle ndani hata kwa kulaani.

Kisha mgongo wa Bi Tunu ukaanza kuuma. Walianza na dawa ya kuchua, wakaja kwenye vidonge, mwisho wakafika hospitali kubwa mjini, na huko wakaambiwa ni saratani, imeshaingia kwenye mifupa. Daktari alikuwa mtu mpole. Akasema mama atapigwa mionzi mara kumi, kila Jumatatu na Alhamisi. Haitamponya, akasema, ila itapunguza maumivu na kumpa muda. Mwajabu hakulishika lile neno la kwanza. Alishika kwamba mama atapewa muda.

Shida ikawa njia. Bodaboda haikufaa kwa mgongo ule, basi la abiria halikufaa, na gari la kukodi mara kumi kwenda na kurudi haliwezwi na mtu wa vitumbua. Mdogo wake, Suhaib, aliyekuwa anaishi Wazo, alikuwa na gari kubwa la viti vya ngozi, linapita kwenye mashimo kama halijayaona. Mwajabu akampigia. Suhaib akasema shikamoo dada, akasikitika sana, akasema wiki hii yupo saiti. Wiki iliyofuata alikuwa saiti pia. Mwajabu akafukuza kuku, akafua viti, akanunua betri, akamlaza mama kiti cha mbele.

Kutoka kwao mpaka lami ni mwendo mfupi wa barabara ya vumbi, lakini mvua zilishaichana. Bi Tunu hakuwa mwanamke wa kulia. Aliwazaa watoto saba, akazika watano, na majirani wanasema hakuna aliyewahi kusikia sauti yake ikipanda. Siku ile ya kwanza walipofika Pugu alikuwa analia kimyakimya, machozi yanashukia masikioni kwa jinsi alivyolala. Siku ya pili vilevile. Siku ya tatu, walipokuwa wanarudi, akasema:

"Mwajabu, gari hili linanivunja. Mie siendi tena."

Mwajabu akamwambia mama usiseme hivyo, gari ni chuma, gari linatengenezwa. Usiku huohuo akaamua kwamba mama atamaliza mara zake kumi, na kitakachomfikisha ni gari hilo.

Akaanza na Fredrick, fundi wa pale karibu na stendi ya Chanika. Fredrick akalizunguka gari, akalisukuma bodi kwa mkono, akasema tatizo ni kwamba gari lipo chini mno, dawa yake ni kulinyanyua. Ndivyo wanavyofanya wote kwa magari ya chini yanayoingia barabara zile: wanachukua vipande vya mpira mgumu na kuvibana kati ya mikunjo ya springi, gari linasimama juu, tumbo haligusi tena mawe. Mwajabu alilipokea limesimama kama beberu, akafurahi. Aliliona refu, akadhani ndilo laini.

Safari ya nne ilikuwa mbaya kuliko zote. Springi zilikuwa hazibonyei tena, kila jiwe lilipanda moja kwa moja mpaka kwenye kiti. Bi Tunu aliingiza pindo la kanga mdomoni, na walipofika hospitali pindo lilikuwa limetoboka. Jumatatu iliyofuata akageukia ukutani. Mwajabu alimbembeleza mpaka saa nne ya asubuhi, akaona muda umepita, akatoka nje akakaa kwenye kizingiti na vitumbua vyake havijauzwa.

Hapo ndipo alipoanza jambo lake la sufuria. Alijaza sufuria maji mpaka ukingoni, akaiweka kiti cha mbele mahali kinapolala kiuno cha mama, akaendesha mpaka lami na kurudi. Ilirudi na maji ya kunawa mtu mkono mmoja. Majirani wakamwona na kiti kilicholowa, wakasema maskini, huzuni imempanda.

Mtu aliyemwelekeza kwa Albano alimwambia ni mtu wa kusini, Mmakonde wa Newala, gereji yake iko Gongo la Mboto, mzito wa maneno lakini hachukui kazi asiyoiweza. Mwajabu alimkuta kalala chini ya lori. Kwa uchungu aliokuwa nao hakuanza na salamu nzuri.

"Nyie watu wa vinyago gari mnaliweza kweli?"

Albano akatoka taratibu, akajifuta mikono. "Kinyago ukikikosea unakitupa, mama. Mgonjwa wako utamtupa wapi?"

Mwajabu akacheka, mara ya kwanza tangu mionzi ianze, kisha akamweleza yote, pamoja na sufuria. Albano hakumcheka. Alimtaka alale yeye kiti cha mbele, kama mama anavyolala, na yeye Albano akashika usukani. Wakaenda hivyo mpaka Pugu na kurudi, mwanamke mtu mzima kalala chali, fundi anaendesha, watu wa njiani wanachungulia.

Mwajabu akajifunza kitu pale kitini ambacho mama hakuwahi kumwambia. Mashimo yalikuwa yanaumiza, ndiyo, lakini kilichomaliza nguvu ni katetemeko kadogo kasikoisha, hata kwenye lami, kanakoingia mgongoni na kukaa humo. Albano akasema hako ni ka tairi. Tairi ni nyembamba za mashindano, upepo umejazwa mpaka zimekuwa jiwe. Na kule chini bushi, zile raba za kwenye viungo, zimelika, chuma kinagonga chuma. Akaitoa mipira ya Fredrick kwa bisibisi, akairusha kwenye pipa.

Mwajabu aliuza cherehani. Albano akaenda mwenyewe Ilala kwenye spea za mtumba, siku mbili, akichagua kwa kuzibonyeza moja moja, akarudi na shokapu nne zenye uhai na springi ambazo hazijakatwa. Akabadilisha bushi zote. Akatafuta rimu ndogo ili tairi ziwe nene ubavuni, akapunguza upepo. Kila alipomaliza hatua, Mwajabu alijaza sufuria, wakaizungusha njia ileile, wakatazama ukingo. Siku ya kwanza ilibaki nusu. Siku ya tatu ikabaki robo tatu. Albano naye akawa amenogewa, mteja akija anamwambia subiri tunatazama maji. Siku ya tano wakarudi na sufuria iliyopungua upana wa kidole, na Albano akasema zaidi ya hapo labda ukamwombe Mungu akutengenezee barabara. Gari lilikuwa limerudi chini kama zamani, akamwonya apite pembeni mwa matuta, kwa mwendo wa kusindikiza maiti. Akaona aibu kwa mfano alioutoa, akaomba radhi.

Alhamisi ya wiki iliyofuata ikafika. Bi Tunu alikubali bila maneno. Walipita ile barabara ya vumbi na Mwajabu akawa anamwangalia kwa jicho la pembeni, anasubiri uso ukunjike. Haukukunjika. Walipanda lami, wakapita Pugu, mama katulia, macho dirishani. Mwajabu akahisi kitu ambacho hakukijua tena, kwamba kuna jambo moja duniani amelifanya likawa. Walipokaribia Gongo la Mboto, Bi Tunu akamwomba aegeshe.

"Linakuumiza, mama?"

"Haliniumizi. Halina kosa tena hili gari." Akageuza uso kutoka dirishani. "Mwajabu, mie sitaki kwenda."

Mwajabu akaanza kusema zimebaki mara sita tu. Mama akamwekea mkono juu ya mkono.

"Sikutaka tangu ile ya tatu. Nimechoka, mwanangu. Wananilaza kwenye chuma peke yangu, wote wanatoka, mlango unafungwa. Nilisema gari kwa sababu gari ukilisema halilii."

Mwajabu alikaa kashika usukani. Malori yalipita. Alimkumbuka Mfaume bila kutaka. Mwaka ule wa mwisho Mfaume alisema chakula kina chumvi, Mwajabu akapunguza chumvi. Akasema udi unamkereketa, akaacha kufukiza. Akasema kitanda kinalia, akaita seremala. Na muda wote huo mtu ameshaondoka, anatafuta tu kitu cha kukilaumu ili asiseme. Lakini Mfaume alifanya kwa kumdharau, na huyu alifanya kwa kumpenda, na Mwajabu hakujua kwa nini uchungu wake ulikuwa uleule.

"Nikurudishe?" akauliza.

"Nirudishe. Na Suhaib usimwambie kwamba nimekataa. Mwambie gari limeharibika. Hilo la kukataa hataweza kulibeba."

"Na mie nitaweza?"

"Wewe umeshazoea," akasema Bi Tunu, bila ubaya wowote, kama anayetaja jambo linalojulikana.

Mwajabu akageuza gari. Mama akalala usingizi njia nzima, mdomo wazi kidogo, kichwa hakitikisiki.

Aliishi siku kumi na tisa. Suhaib alipopiga simu aliambiwa gari limeharibika, akasema lo, nitakuja Jumamosi nimchukue mwenyewe, na Jumamosi akawa saiti. Zile siku kumi na tisa mama na mtoto waliongea kuliko miaka kumi iliyotangulia, mambo ya bustani, ya watoto waliokufa, ya marehemu baba. Hata siku moja hawakurudia neno la pale barabarani. Akafa Jumanne alfajiri, Mwajabu anampaka mafuta miguuni.

Alizikwa jioni ile. Kesho yake turubai lilijaa wanaume, wanawake wako ndani kwenye mikeka, dirisha liko wazi. Suhaib alikuwa analia kwa sauti. Kisha akaanza kusema, na Mwajabu akalisikia kila neno. Kwamba mama alikuwa na matibabu yake, yameandikwa. Kwamba wagonjwa wengine wa mionzi wanaishi miaka. Kwamba yeye alikuwa tayari kumchukua, lakini dada kang'ang'ania lile kopo la mumewe, likamwacha mama njiani, na ndilo lililomuua. Wanaume wakaitikia kwa kuguna. Najat, jirani aliyekaa kando ya Mwajabu, akamshika goti.

Albano alikuwa ameingia muda si mrefu, kofia mkononi, kapewa kahawa. Alisimama.

"Samahani, ndugu. Gari lile nimelitengeneza mie. Lilikuwa zima."

"Basi mama yangu umemuua wewe," akasema Suhaib.

Albano akaomba dada aitwe, kama inawezekana, aseme neno moja tu. Mwajabu akajitanda kanga akasimama mlangoni. Albano alikuwa amefikisha umri wa kuitwa mzee, kikombe bado kiko mkononi.

"Mama, ulifika nalo mpaka gereji ya nani? Kilikatika nini? Niambie tu, nijue nilipokosea."

Mwajabu alimtazama yeye, akamtazama Suhaib, kavimba macho, mtu wa miaka arobaini na moja aliyekaa kama mtoto aliyenyang'anywa. Neno lilikuwa mdomoni. Lilikuwa fupi.

"Liliharibika njiani, fundi," akasema. "Sijui kilikatika nini."

Albano akabaki kamtazama. Halafu akaweka kikombe chini taratibu, akasema poleni na msiba, akavaa kofia na kuondoka. Wanaume wakajibana miguu kumpisha.

Suhaib akainuka, akaja mpaka mlangoni, akamwekea dada yake mkono begani. Akamwambia mbele ya watu wote kwamba yaliyopita yamepita, amemsamehe.

Mwajabu akasema asante, akarudi ndani kukaa na wanawake.