Fundi wa Sweta kutoka Kosele

Miaka ya tisini nilikuwa na duka la sare za shule Rongo. Kaptula na magauni nilishona mwenyewe, lakini sweta zilifumwa na mwanamke mmoja wa Kosele, mjane, aliyekuwa na mashine yake ya kufuma. Alizileta kila Ijumaa asubuhi, zimefungwa kwenye shuka, kwa sababu jioni Sabato ilikuwa inaingia na ilibidi awe amefika nyumbani.

Mimi ni Mkuria, yeye alikuwa Mjaluo, kwa hiyo tuliongea Kiswahili, chake na changu, vyote vya kuokoteza. Aliniita nyaminwa, yaani dada. Mume wangu alikuwa anafanya kazi mbali, na katika mji ule hakuna mwingine aliyeniita hivyo. Nilikuwa nachemsha chai mapema, nikiweka kikombe chake karibu na cherehani, kisha naanza kuchungulia barabarani.

Mwaka mmoja ofisa wa kodi alipita madukani. Alikuwa kijana mpole. Aliuliza ni nani ananifumia sweta.

"Ni dada yangu wa Kosele," nikasema.

"Umemwandika kazi ama ni mtu wa kandarasi?"

Sikujua tofauti. Akanieleza: kama ni mfanyakazi wangu, nimkate kodi kwenye mshahara kila mwezi. Kama ana biashara yake, kodi yake ni juu yake, lakini mimi nikipeleka hesabu za mwaka lazima niseme nimemlipa nani, kiasi gani, na namba yake ya kodi.

"Hana namba," nikasema.

"Basi aitafute, mama. Wiki ijayo tuko Homa Bay, tunaandikisha watu."

Sikungoja Ijumaa. Niliogopa akisikia kwa mtu mwingine atadhani nimempeleka kwa serikali. Nilimkuta Kosele chini ya paa la mabati, mashine ikienda kwarakwara, nikamweleza yote nikiwa bado nimesimama. Akaacha kufuma.

"Kwa hiyo wanataka kujua mimi ni nani kwako?"

"Ndiyo."

"Na wewe ulisema nini?"

"Nilisema wewe ni dada yangu."

Alicheka hadi akashika mbavu. "Nyaminwa, hiyo haina mahali pa kuandikwa."

Tulienda Homa Bay pamoja. Alivaa gauni la kanisani. Foleni ilikuwa ndefu, na jua lilikuwa kali hadi tukajifunika kwa leso yangu moja, vichwa vimegusana. Zamu yake ilipofika, karani akamuuliza, "Umeajiriwa na nani?"

Akanitazama kidogo. Kisha akasema, "Sijaajiriwa. Mimi ni fundi, nina kazi yangu mwenyewe."

Sikuwahi kumsikia akisema hivyo, na nadhani hata yeye hakuwahi kujisikia. Tulipotoka alikuwa anatembea mbele yangu, haraka, kama mtu anayesubiriwa. Tulikula samaki karibu na ziwa, tukanawa mikono majini, akanifundisha kutaja kila kitu tulichokiona kwa Dholuo. Nilikosea, akanirudisha, nikakosea tena kwa makusudi ili siku isiishe.

Mwaka uliofuata mfanyabiashara mmoja wa Isebania alikuwa anatafuta fundi wa kufumia shule nyingi, mwenye namba ya kodi, na habari zikamfikia dada yangu wa Kosele. Alikuja kuniambia Ijumaa. Alizungusha kikombe mkononi muda mrefu.

"Unasemaje, nyaminwa?"

Nilisema, "Nenda." Sikuona neno lingine ambalo lingekuwa la haki.

Nilipata mafundi wengine. Sweta zao zilikuwa nzuri, na karatasi zao niliziweka sawa. Walihesabu mzigo, wakapokea chao, wakaenda. Chai ilinishinda kunywa peke yangu, nikaacha kupika.

Nilimtembelea Isebania mara moja. Alikuwa na mashine tatu na wasichana wawili wa kazi. Alinikumbatia mlangoni, akanivuta ndani, akamtuma msichana soda. Lakini wateja walikuwa wakimwita kila tulipoanza kuongea, wengine wametoka Sirare, ng'ambo ya mpaka, na shilingi za kule, na yeye alikuwa anawajibu vizuri, kwa furaha. Nilimtazama nikafurahi naye kabisa. Kisha nikaaga mapema, nikasema nawahi gari.

Baadaye nilisikia amehamia upande wa Tanzania kwa binti yake aliyeolewa huko. Sijui ni mji gani. Siku hizi nikiona mwanamke mrefu mbele yangu sokoni, amebeba mzigo wa shuka, huwa naongeza mwendo hadi nimfikie na kumwona uso.