Nyumba Niliyoipeleka Ukweni

Nakumbuka asubuhi moja huko Qwaqwa, mwanangu, kioo cha gari kimeganda barafu, na mama mkwe wangu amesimama mbele yangu na ndoo ya maji ya moto. Alichoniambia asubuhi ile nimekaa nacho mpaka ndevu zimekuwa nyeupe. Lakini ngoja kwanza nikueleze nilifikaje pale, maana neno la mzee likikatwa kwenye kisa chake huwa halina ladha.

Mimi ni mtu wa Kigoma. Kwetu baridi tulikuwa tunaisikia kwa wasafiri. Durban nako, unapajua mwenyewe, mwezi wa sita mtu anatoka na sweta asubuhi, ikifika saa nne anaifunga kiunoni. Wakati huo nilikuwa fundi wa bodi kwenye gereji moja karibu na mtaa wa Greyville, kazi yetu kunyoosha milango na kupiga rangi teksi, yaani daladala za huku, zilizogongana. Nilikuwa nimemwoa Palesa, Msotho wa Qwaqwa, na Qwaqwa ni upande wa milimani, jimbo la Free State, huku huku Afrika Kusini, ambako theluji haishangazi mtu. Tulikuwa na mtoto mmoja, Neema.

Majira ya baridi ya mwaka ule wa Kombe la Dunia tulimpeleka Neema kwa bibi yake akiwa na miezi minane. Chumba tulichopewa kilikuwa cha matofali, paa la mabati matupu, hakina dari, na upepo uliingia pale ukuta unapokutana na bati. Mama mkwe alitupa mablanketi yake yote, yeye akajifunika koti. Hata hivyo mtoto alishikwa na kifua. Tulimkimbiza hospitali, wakamwekea mpira wa hewa puani, na mimi nikakaa kwenye benchi nikiangalia kifua kile kidogo kinavyopanda na kushuka. Mungu alimponya. Siku tunaondoka niliapa moyoni kwamba mwanangu halali tena mle ndani. Aliyeumwa na nyoka akiona ung'ongo hushtuka. Kosa halikuwa kuogopa, mwanangu. Mzazi asiyeogopa sijui ni mzazi wa namna gani. Kosa nitalifikia.

Tuliporudi Durban nilianza kazi ya kujenga chumba cha kulala garini. Nilikuwa na pikapu kuukuu, injini nzima, bodi imechoka. Tajiri wangu akaniruhusu kutumia uwanja wa gereji siku za Jumapili. Nilipata kanopi la faiba, lile paa la kufunika nyuma ya pikapu, la gari lililopinduka, nikaliinua kwa fremu ya chuma ili Palesa aweze kukaa wima bila kugonga kichwa. Ndani nilipanga vipande vya lile povu gumu jeupe wanalofungia friji mpya, sakafuni, ukutani na juu, kisha nikafunika kwa plaiwudi, na juu ya plaiwudi nikagundisha zulia. Madirisha niliyawekea kioo cha pili cha plastiki ngumu, kikaacha nafasi ya kidole katikati. Ukingo wa mlango niliuzungushia mpira, nikaufunga mlango, nikamulika tochi kutoka ndani, na kila mahali mwanga ulipotoka nikajaza silikoni, ile gundi ya kuzibia nyufa.

Rafiki yangu Papa Bahati, fundi seremala kutoka Bukavu, ndiye aliyenitengenezea kitanda, na chini ya kitanda droo za nguo na sufuria. Siku moja akasimama kunitazama na bomba langu la silikoni.

"Yusufu, weye unaziba yote?" akauliza. "Pumuzi itapitia wapi?"

"Si baridi ndiyo tunaikimbia?"

"Kwetu Bukavu kuko baridi pia. Bantu banakufaka mu nyumba juu ya makala, hapana juu ya baridi. Acha tundu mbili. Moya chini, moya yulu."

Alimaanisha kwamba kinachoua watu ndani ya nyumba ni moshi wa makaa, si baridi. Sikumwamini mpaka nilipolala mle ndani mara moja kujaribu. Kulipokucha kuta zilikuwa zinatiririka maji. Pumzi yangu mwenyewe ilikuwa imegeuka maji, godoro limelowa upande mmoja. Nikachukua msumeno nikatoboa tundu la chini karibu na mlango, na la juu nikaliwekea kofia ili mvua isiingie. Kuuliza si ujinga, na kusikia ulichoambiwa ni akili zaidi.

Moto nao nilitumia akili ya Papa Bahati. Jiko la gesi nililikataa. Kwenye lori bovu nilipata hita ya dizeli, ile inayovuta hewa kutoka nje na moshi kuutoa nje, ndani linabaki joto tupu. Niliifungia betri yake ya pili ili asubuhi gari lisikatae kuwaka. Halafu rejeta. Hapa Durban watu wengi tunajaza maji ya bomba na maisha yanaendelea. Kule maji hayo yataganda na kupasua injini, kwa hiyo niliyamwaga yote nikaweka dawa ya kuzuia kuganda. Haya nakwambia kwa sababu yana faida yake. Ukienda penye baridi, jiandae hivyo hivyo. Sijutii hata msumari mmoja.

Palesa alikuwa akija uwanjani na chakula, anakaa kwenye kile kitanda, anasifia. Siku moja akasema, "Mpigie Mama simu, mwambie kwamba tutalala kwenye gari."

Nikamjibu, "Siku ya kufika anaijua, la gari tutamshtukiza. Atafurahi kuona hatumpi kazi."

Palesa akanyamaza. Mwanangu, mkeo akinyamaza baada ya kukushauri, usidhani amekubali.

Majira ya baridi yaliyofuata tukaondoka, Neema akiwa anakimbia na kusema maneno mawili matatu. Tulipita Pietermaritzburg, tukapanda na njia kuu ya Johannesburg, na kwenye mlima wa Van Reenen upepo ukawa unalisukuma lile kanopi refu hadi nikashika usukani kwa mikono miwili na kufuata malori polepole. Juu tuliona vilele vimekuwa vyeupe. Tulifika Qwaqwa alasiri.

Mama mkwe alikuwa anatusubiri getini, blanketi begani limebanwa kwa pini. Alimpokea Neema, akamgeuza huku na huku, akamnusa shingoni kama wanavyofanya mabibi wote. Tuliongea kwa Kizulu, maana Kisotho changu kilikuwa cha salamu tu. Alikuwa amepika kande na mkono mmoja ameshika ufunguo.

Akasema, "Karibuni. Leteni mizigo."

Mimi, kwa furaha ya fundi, nikafungua mlango wa nyuma wa pikapu. "Mama, usijisumbue na chumba. Tumekuja na chumba chetu. Tazama, kina hita."

Alichungulia. Akalishika zulia la ukutani, akabonyeza godoro. "Ni kizuri," akasema. Kisha akautia ule ufunguo kwenye mfuko wa aproni, akaenda kupakua chakula. Palesa alinitazama, nikaangalia pembeni. Tulikula, tukaongea habari za ndugu, na giza lilipoingia tukaaga tukaenda kulala garini, hatua chache kutoka mlangoni kwake. Tulilala vizuri sana. Mtoto alijifunua blanketi kwa joto.

Basi ndiyo asubuhi ninayokwambia. Nilitoka nikiwa najisifu moyoni. Mama mkwe alinimwagia maji kidogo mikononi ninawe uso, akaweka ndoo chini. Akasema, "Njoo."

Alinipeleka kwenye kile chumba, akafungua kwa ule ufunguo. Mwanangu, sikukijua. Juu palikuwa na dari ya mbao, na pale upepo ulipokuwa ukiingia palikandikwa vizuri mpaka kwenye bati. Dirisha lilikuwa limebandikwa plastiki nzito kwa ndani. Pembeni palikuwa na jiko dogo la makaa ya mawe lenye bomba la kutolea moshi nje ya ukuta, na bado lilikuwa la moto, kwa maana alikuwa amelikoka tangu jana kabla hatujafika na akaendelea kulichochea. Kando ya kitanda kikubwa kulikuwa na kitanda cha mtoto, na juu yake blanketi la sufu lililofumwa kwa mkono. Hakuna aliyelala pale. Shuka lilikuwa halina hata mkunjo.

Palesa alikuja nyuma yangu na mtoto. Alipoona akaegemea mlango.

Mama mkwe alisema nami Kizulu cha polepole, ili nisipoteze neno.

"Mwaka jana mjukuu wangu aliugua chini ya paa langu. Mlipoondoka sikupata usingizi. Wanawake wa kanisani walikuja kunisaidia kukandika. Ndugu yangu alikuja kupiga dari. Kila siku nilisema, wakirudi, mtoto atalala hapa."

Nikasema, "Mama, sikujua."

"Hukuuliza. Wewe uliogopa ukiwa kwako, na mimi niliogopa nikiwa kwangu. Mtoto ni mmoja, kwa nini kila mtu aogope peke yake?" Akanyoosha kidole kuelekea uani. "Gari lako ni zuri, umefanya kazi ya baba. Lakini limesimama hapo linawaambia majirani kwamba mjukuu wangu hawezi kulala kwangu."

Hakupaza sauti. Angepaza ningepata pa kujitetea. Nilihisi uso wangu unawaka kuliko lile jiko. Wahenga walisema nyumba njema si mlango, fungua uingie ndani, na mimi hata mlango sikuufungua. Niliihukumu nyumba ya mtu kwa maradhi ya mwaka uliopita.

Nikamwambia, "Nisamehe, Mama."

"Msamaha utakaa wapi wakati mtoto yuko nje? Mlete kitandani kwake."

Palesa alikuwa analia na kucheka. Alimweka Neema kwenye kile kitanda kidogo, na mtoto, asiyejua lolote, akavuta blanketi mdomoni.

Nikiwa nimesimama pale nilihisi kibaridi miguuni. Mlango ulikuwa na upenyo chini. Nikautazama tu; mtu aliyekwishakosea mara moja huogopa hata kusaidia. Mama mkwe akaniona ninavyotazama.

"Sema," akasema. "Wewe si fundi?"

Basi siku hiyo tulifanya kazi pamoja. Nilikuwa na mpira uliobaki, nikauzungusha mlango mzima. Nilipomwambia kwamba pabaki tundu juu kwa ajili ya hewa, alibisha kwanza, kwamba amehangaika mwaka mzima kuziba halafu mimi nataka kutoboa. Nikamweleza habari za Papa Bahati na watu wa Bukavu. Akafikiri, akasema hata hapo mlimani wapo waliolala na mbaula, lile jiko la makaa lisilo na bomba, wasiamke. Akanishikia ngazi mwenyewe nikatoboa. Siku zote zilizobaki tulilala mle. Kifua cha mtoto kilikuwa safi mpaka tunaondoka.

Usidhani lile gari lilikuwa kazi ya bure. Mchana mmoja mama mkwe aliingia mle kujaribu, akawasha hita, akalala usingizi mzito mpaka chai ikapoa. Alipotoka akasema, "Ni nyumba nzuri sana kwa mtu asiye na wakwe." Tulicheka hadi majirani wakaja kuuliza kuna nini. Na mara moja katika safari zetu za baadaye, theluji ilifunga njia ya Van Reenen, magari yakakwama kutwa. Sisi tulikaa nyuma na hita yetu, tukachukua na watoto wawili wa watu waliokuwa kwenye gari dogo wanatetemeka. Hapo njiani ndipo mahali pake lile gari.

Baada ya miaka michache mama mkwe alianguka akavunjika nyonga. Madaktari walipomruhusu kutoka, Palesa alitaka tumlete Durban tumuuguze. Ilikuwa Julai. Kumkalisha kwenye teksi kusingewezekana. Nilikuwa na jibu tayari uani kwangu, lakini safari hii nilipiga simu kwanza.

"Mama, nina lile gari. Ungependa tukufuate nalo, au una wazo lingine?"

Akasema, "Weka mto wa ziada chini ya goti. Na usiendeshe kama watu wa teksi."

Tulimleta amelala, Palesa pembeni yake, Neema miguuni. Nilikuwa nasikia wanaimba nyimbo za kanisani huku tunashuka mlima kuelekea kwenye joto. Aliishi nasi Greyville mpaka akaweza kutembea kwa fimbo, akarudi kwake. Alifariki miaka mingi baadaye, nyumbani, katika chumba kile kile cha dari, na mimi ni mmoja wa waliombeba.

Sasa nisikilize, mwanangu. Tahadhari kabla ya hatari, hilo sikukatazi. Ziba penye kuvuja, weka dawa kwenye rejeta, hakikisha hewa inaingia. Lakini mkono mmoja haulei mwana. Unapoona hatari mbele ya mtu unayempenda, ujue kuna mwingine naye anaiona, na huenda anahangaika usiku na mchana kama wewe. Mtafute. Mwambie, mimi naogopa hivi, wewe unafanyaje? Usimfikie mtu na suluhisho lililokamilika, ukamwacha ameshika kitu chake mkononi hana pa kukiweka. Ukienda ukweni, au kwa rafiki, au hata kwa adui aliyekukaribisha, ingia kwanza uone alichokuandalia, ndipo ufungue mizigo yako. Na mkeo akikwambia piga simu, piga simu.

Mungu akupe nyumba yenye joto na watu wa kukufungulia mlango. Safari zako ziwe na kurudi, watoto wako wapumue vizuri, na popote utakapofika ukute jiko limeshakokwa kwa ajili yako. Amina.