Chambo cha manyoya alichobuni babu, na adabu iliyomponza

Salamu aleikum wakuu. Haya niliyashuhudia mwenyewe, na pale ambapo sikuwapo nimepokea kwa aliyeyatenda. Sina la kupamba.

Babu yangu mzaa mama, Shee Athumani, alikuwa mshona kofia mtaani Ndia Kuu miaka ya arobaini, vita vilipokwisha.

Mzungu mmoja wa bandarini, gati ya Mbaraki, alimletea ndoana yenye manyoya, chambo cha uongo cha kuvulia samaki kolekole kwenye maji ya kina kifupi. Kilikuwa kikifumuka, na ncha ikinasa matumbaweni.

"Nifungie kama hiki."

Babu hakufunga kama hicho.

Alipaka nta uzi wa kofia, akauzungusha mpaka ukafunika chuma. Akafunga shanga mbili za shaba mgongoni mwa ndoana, karibu na tundu la mshipi, ili uzito uipindue ndoana na ncha itazame juu. Kisha manyoya meupe ya mbuzi, machache tu, upande wa ncha, yaifiche. Akamalizia kwa fundo lile lile la kofia.

Majini kilirukaruka kama kamba wa baharini.

Mzungu alirudi na kolekole watatu, hajiwezi kwa furaha. "Nani alokufunza hivi?"

Babu akainamisha kichwa: "Ni wewe, Bwana. Sisi twafuata tu."

Wakuu, mtu wa mji huu angejua la kufanya: angeikataa sifa ile, ikamrudia fundi mwenyewe. Yule aliamini.

Kabla ya kuhamishwa alimwachia babu ukurasa wa gazeti lao la Kiingereza, una picha ya chambo kile. Babu akaufungia sandukuni. Hakumwonyesha mtu, asije akaonekana ajisifu.

Nilipohitimu chuo kikuu, zaidi ya miaka arobaini baadaye, aliutoa.

"Nimekungoja wewe. Nisomee penye jina langu."

Halikuwapo. Iliandikwa kwamba chambo amekibuni mzungu yule, kisha akamfunza mshona kofia mmoja wa mjini kukifunga.

Ningeweza kumdanganya. Lakini nilikuwa na shahada mpya na kiburi chake. Nikafasiri neno kwa neno.

"Hebu rudia."

Nikarudia.

"Kumbe alinisikia," akasema.

Kisha akaagiza ndoana, uzi, nta, shanga na manyoya, akaniamuru nikifunge mwenyewe chambo kile. Alinisimamia hadi fundo la mwisho, akilifumua kila nilipolilegeza. Nilipomaliza, akauliza:

"Nani alokufunza?"

"Ni wewe, babu."

"Mababu ni wengi. Taja jina."

Nikalitaja.

"Kwa sauti. Na jirani asikie."

Sijui hadi leo kama nilimtendea haki kwa kumsomea ukweli ule. Nijualo ni kwamba nikisifiwa kazi sasa, sisemi tena kuwa si kitu, hata nikionekana sina adabu.

Nanyi wakuu, mliofunzwa kazi na mtu ambaye hajaandikwa popote, mwandikeni hapa chini. Naanza mimi: Shee Athumani, mshona kofia, Ndia Kuu.