Nilimwambia Kitaji

Mimi Recho ni dalali wa nyumba hapa Musoma, mwaka wa tisa sasa, na kama kuna kitu nakijua ni kuficha nyumba. Ukimtajia dalali mwenzako unakompeleka mteja, unafika unamkuta kashaongea na mwenye nyumba, anakuchekea mlangoni. Ndiyo kazi yetu, msinitazame hivyo.

Dorotea, dalali mwenzangu tunayekaaga naye kibaraza kimoja, ndiye aliyeleta mpango. "Dada Recho, tunafungua nyumba tupu na wanaume hatuwajui. Tuwe tunaambiana tunakokwenda. Ukinipigia tu, nakuja." Nikaitikia. Moyoni nikasema, thubutu!

Alhamisi saa tano asubuhi nikapata mteja, kijana mpole, maneno ya kanisani matupu. Nilikuwa nampeleka mtaa wa Makoko. Dorotea akauliza, "Wapi leo?" Nikamtajia mtaa mwingine kabisa bila kupepesa macho, "Kitaji, ile ya geti la kijani."

Chumba cha pili, yule mpole akafunga mlango kwa ufunguo, akanikaba shingo. Nikawahi kumpigia Dorotea: "Njoo, nakufa!" Yule kijana akaninyang'anya simu, akaipiga ukutani. Hapo hapo, Mungu wangu, nikakumbuka nilimwambia Kitaji. Hakuna aliyejua nilipo, na mimi mwenyewe ndiye niliyetaka iwe hivyo.

Walioniokoa ni kina mama waliokuwa wanaanika dagaa nyumba ya jirani. Walisikia kelele zangu, wakavunja mlango kwa jiwe, yeye akaruka dirishani. Hata majina yao sikuuliza.

Nilirudi kibarazani pekupeku. Dorotea akaja saa nane na vijana wa bodaboda, mkono umefungwa kitambaa chenye damu. Kule Kitaji alikuta geti limefungwa, akaparamia ukuta, akapasua dirisha huku akiniita. Mwenye nyumba akamwita mwizi mbele ya mtaa mzima, yeye anajibu tu, "Mwenzangu yumo humu, kaniambia mwenyewe."

Aliponiona alinikumbatia akalia. Halafu akauliza taratibu, "Kwani ulikuwa wapi, dada?"

Nikasema Makoko. Jamani, aibu! Kijana mmoja wa bodaboda akasonya. Dorotea akaangalia mkono wake tu. Heri angenitukana.

Wiki iliyofuata akanipigia. "Dada, kesho saa nne nina mteja Butiama, simjui. Nyumba ya bati jekundu nyuma ya zahanati. Ufunguo uko chini ya ndoo." Mpaka ufunguo alinitajia!

Saa nne kasoro nilikuwa Butiama, nimekaa juu ya ile ndoo, nahakikisha tu asiwe peke yake. Akatokea na mteja wake. Kuniona, akasimama ghafla, akanitazama vile dalali anavyomtazama dalali aliyemuwahi.

Nikainuka, nikampa ufunguo wake, nikaenda kusimama barabarani mpaka walipotoka.