Mama wa Wahuni Wote

Wapo watu wanaozeeka bila kujaliwa mtoto, wakazoea, mpaka majirani nao wakachoka kuuliza. Mwanamke mmoja mpiga pasi alikuwa wa kundi hilo. Alifanya kazi kwa dobi mkubwa nyuma ya soko, katika chumba ambamo mvuke haukatiki tangu asubuhi. Ukisimama mlangoni uliona mashati yametundikwa mistari kwa mistari, yakipepea polepole kama watu wasio na vichwa wanaongojea kuitwa. Humo ndani mtu hakuwaza sana. Mkono ulikwenda wenyewe, na akili ikaenda zake.

Mumewe alikuwa fundi kufuli. Alikaa barazani pa nyumba yao ya chumba na ukumbi, funguo zimening'inia juu ya kichwa chake kwenye waya, na upepo ukipita zilicheka. Walipendana kwa utani. Yeye alimwita mkewe "bibie," mkewe alimwita "fundi," na mambo mengine waliyaacha yapite.

Balaa lililetwa na dirisha. Chumba chao kilikuwa na dirisha lililotazama uchochoroni, na mchana mwanga uliingia pale ukiwa wa njano, mzito kama asali. Mpiga picha mmoja wa mjini aliuona mwanga ule akiwa anapita. Huyu bwana alikuwa ameuza studio yake ili atengeneze filamu za magenge ya vijana wahuni, na watu walimwita Chapuchapu, kwa sababu filamu nzima aliimaliza kabla maziwa hayajaganda. Pikipiki aliazima, na jioni ilirudi kwa mwenyewe. Visu vilikatwa kwenye boksi na kuvishwa karatasi ya kung'aa ya pakiti za sigara. Damu ilikuwa maji ya viazi vyekundu. Genge lilelile, likibadili mashati, ndilo lililokuwa polisi. Bango la filamu liliahidi mambo ambayo ndani hayakuwamo, na chini yake palikuwa na maandishi makubwa: ONYO KWA WAZAZI.

"Uhuni mwingi, mwishoni machozi kidogo," Chapuchapu alipenda kusema. "Pasipo mama wa kulia, wakubwa hawatupitishii filamu. Mama akilia, inakuwa mafunzo."

Siku alipokuja na genge lake kupigia filamu chumbani mwao, mama aliyepangwa kulia alishikwa na homa. Mpiga pasi alikuwa amekaa pembeni, juu ya sanduku la nguo, akingoja wageni wamalize wampishe chumba chake. Chapuchapu akageuka akamtazama.

"Wewe mama, unaweza kulia?"

"Nilie nini?"

"Mwanao amekufa."

"Mimi sina mwana, baba."

"Leo unaye. Huyo hapo."

Akamwonyesha kijana aliyelala chali juu ya mkeka, shati limelowa maji ya viazi. Kijana akafumbua jicho moja, akasema kwa adabu, "Shikamoo, mama." Akalifumba tena, akaendelea kufa.

Mpiga pasi akapiga magoti. Kichwa cha yule kijana kilipolala mapajani mwake, alishangaa uzito wake. Hakuwahi kujua kichwa cha mtu kina uzito kiasi hicho. Kamera ikaanza kunguruma. Machozi hayakuja. Aliona aibu, akawa hajui mikono aiweke wapi, na kwa mazoea mikono ikaenda kwenye ukosi wa shati. Ukosi ulikuwa umejikunja. Akaunyoosha, ukajikunja. Akaunyoosha tena kwa kiganja, taratibu, kama anavyofanya kabla ya kushusha pasi, nao ukagoma. Akawa ananyoosha tu, na mwanga wa njano unashuka, na kelele za uchochoroni zikawa mbali kama za ng'ambo ya maji. Hapo ndipo yakaja. Hayakuja na kelele. Yalishuka tu, kama mvuke unavyoshuka kwenye kioo.

Chapuchapu alisahau kusimamisha kamera. Fundi kufuli akarudi, akaona damu sakafuni na maiti mapajani mwa mkewe, akasimama mlangoni na bunda la funguo mkononi. Alipotambua harufu ya viazi akafoka, "Nani kamwagia rangi mkeka wangu?"

Maneno yale yaliingia kwenye filamu. Walioiona walisema hawajapata kuona baba mwenye uchungu kama yule, uchungu umemchanganya akili mpaka anazungumzia mkeka.

Basi, tangu hapo kila Chapuchapu alipokuwa na genge, alimfuata mpiga pasi. Kijana aliyemfia, ambaye kwenye filamu aliitwa Wembe, alikufa tena na tena. Alikufa kwa kisu, akafa kwa kuanguka darini, mara moja akafa akikimbizwa na pikipiki ya kuazima iliyokataa kuwaka, ikabidi isukumwe. Kila mara alifia mapajani pale pale. Ukumbi wa sinema ulijaa. Mpiga pasi alikwenda mara moja, akajifunika mtandio, akakaa nyuma kabisa. Alijiona mkubwa kama ukuta. Akaona machozi yake yakishuka, kila tone kubwa kama ndoo, na gizani wanawake asiowajua wakipenga kamasi. Alitoka akitembea kama mtu aliyeamshwa ghafla, asijue ni yeye anayekwenda nyumbani au ni yule wa ukutani.

Sokoni mambo yakageuka. "Pole sana, mama," walimwambia wauza nyanya, wakimwongezea moja juu. Mzee mmoja asiyemjua alimsimamisha kumshauri ampeleke mwanawe akajifunze useremala. Askari akamwambia, kwa upole, kwamba samaki hukunjwa angali mbichi. Alijibu, "Asante, nimesikia," kwa kuwa ingekuwa kazi kueleza. Watu wakamtungia jina: Mama wa Wahuni.

Na humo kazini, ndani ya mvuke, watoto wakaanza kumjia. Hakuwaita. Alikuwa akishusha pasi kwenye shati la mtu, mara akamkumbuka Wembe akiwa mdogo, jino la mbele limeng'oka, akilitupa juu ya paa. Akakumbuka surua aliyougua wakati wa mvua, paa likivuja, yeye akihamisha kitanda kutoka kona hadi kona. Akakumbuka siku alipomchapa kwa kuiba sukari, kisha wakalia wote wawili. Alijua fika kwamba hayakutokea. Lakini yalikuwa matamu, na hayakumdhuru mtu, na alipofika mwisho wa lundo la nguo alishangaa limekwisha lini.

Siku moja alijisahau, akasema kwa sauti, "Huyu wangu alianza kusema mapema kweli." Mwenzake wa meza ya pili, mama wa watoto watano, aliweka pasi chini.

"Wako yupi? Uchungu wa mwana aujuaye mzazi, dada yangu. Wewe umeujulia wapi?"

Aligeuza shati upande wa pili, akaendelea kupiga pasi. Jioni alimwambia mumewe. Fundi alikuwa ananoa ufunguo; aliendelea kunoa kwa muda, akaupuliza vumbi.

"Bibie, mimi nyumba ninazozitengenezea funguo sijawahi kulala hata katika moja," akasema. "Lakini funguo zinafungua."

Wembe mwenyewe, nje ya filamu, alikuwa fundi baiskeli wa pale njia panda. Kijana mpole, alikuwa akiogopa hata kuku. Mama yake alifariki yeye hajaanza kutembea, akalelewa na mjomba ambaye naye hakukaa sana duniani. Mwanzoni alipita kwa mpiga pasi kuomba anyooshewe shati la kufia. Baadaye akawa anapita bila shati. Akamwita mama kwa mzaha, kisha mzaha ukaisha na neno likabaki. Mpiga pasi alipika chakula cha watu watatu bila kufikiri, na fundi aligomba kwamba siku hizi kipande cha nyama cha juu hakioni tena, lakini ndiye aliyekuwa akikisogeza kwa kijana.

Kisha Wembe akapenda. Binti alikuwa muuza dawa kwenye duka la dawa la karibu na stesheni, msichana wa kucheka kwa macho. Baba yake alikuwa mkaguzi wa tiketi wa treni, amestaafu, lakini jicho la ukaguzi halikustaafu. Aliposikia jina la mchumba alikwenda kulitazama bango la sinema, akaingia na kuiona filamu yenyewe, akarudi nyumbani akafunga mlango kwa komeo.

"Mama," Wembe alisema, amekaa kwenye kizingiti, kichwa ameinamisha. "Sina mtu wa kunisemea. Twendeni."

Wakaenda. Fundi alivaa koti lake la zamani, na mpiga pasi alilinyoosha hata likasimama lenyewe. Sebule ya mkaguzi ilikuwa na viti vyenye vitambaa vya kufuma, na saa ya ukutani iliyosema kwa sauti kuliko watu. Mkaguzi aliwatazama mmoja mmoja, kama anatafuta tundu la tiketi.

"Kijana huyu nimemwona kwa macho yangu akimchoma mtu kisu," akaanza.

"Kisu cha boksi, mzee mwenzangu," fundi akasema.

"Na aliyechomwa?"

"Yuko nje hapo, anatulindia baiskeli. Tumwite?"

Mkaguzi akachungulia dirishani. Marehemu akampungia mkono. Mzee akarudi kitini, akamgeukia mpiga pasi, na sauti yake ikashuka.

"Na wewe, mama. Nilikuona ukimlilia. Nilitoka ukumbini nikawaambia wenzangu nimeingiwa na vumbi. Sasa tuambizane kweli, watu wazima hawadanganyani. Huyu ni mwanao?"

Saa iligonga, ikagonga. Mpiga pasi aliona mwanga wa sebule ile unakuwa wa njano, akahisi kama kamera inanguruma mahali fulani nyuma ya pazia. Ingekuwa rahisi kusema ndiyo. Surua ilikuwapo, na jino, na sukari ya wizi. Angeweza kuvieleza vyote na yule mzee angeamini. Akamtazama Wembe. Ukosi wake ulikuwa umenyooka vizuri.

"Sikumzaa," akasema. "Aliyemzaa alikwenda zamani, Mungu amlaze pema. Mimi nimemzika tu, mara nyingi kuliko mama yeyote ninayemjua. Lakini baba, huyu akikosea kwako na ukataka mtu wa kumuuliza, usihangaike kutafuta. Njoo uniulize mimi."

Fundi alikohoa, akatazama vidole vyake. Mkaguzi akaita jikoni waletewe chai.

Hakukubali siku ile, wala mwezi ule. Alisema atafikiri, na alifikiri kama anavyofikiri mtu aliyezoea kusubiri treni. Mwisho akatoa sharti: mkwewe hataua tena, hata kwa boksi. Chapuchapu akashika kichwa. Akamfanya Wembe polisi katika filamu iliyofuata, akamvisha kofia ya kuazima, na watu hawakuja. Nani atoke kwake akamwone Wembe anakamata wezi? Ukumbi ulibaki na viti. Baada ya hapo Chapuchapu aliuza kamera, akafungua duka la magodoro, na inasemekana hata magodoro aliyauza haraka.

Harusi ilikuwa ndogo. Mpiga pasi alikaa mbele, penye kiti cha mama, akalia, na watu waliomtambua wakapiga makofi katikati ya maneno ya kiapo.

Miaka ikapita kama mashati. Hakulizwa tena na mtu yeyote, na kusema kweli kuna siku alitamani aitwe. Alipoacha kazi, mvuke ulimkatalia kuondoka. Mchana alipolala kidogo aliuona umejaa chumbani, na ndani yake vijana wake wote, waliokufa kwa kisu na waliokufa darini, wamekaa ukingoni mwa kitanda wakizungumza chinichini wasimwamshe.

Wembe alipata binti. Binti huyo alipofikisha umri wa kwenda shule, kulikuwa na mvua ya siku nyingi, na baba yake alileta kwa mpiga pasi, bibi yake, kanda ya video ya filamu mojawapo, aliyoikuta kwa muuza vitu vya zamani. Wakaiweka kwenye deki ya televisheni. Picha ilikuwa imechakaa, inatetemeka, rangi zimevuja kama nguo iliyofuliwa vibaya. Wembe, akiwa ameshiba, alilala mkekani kabla genge halijatokea. Fundi naye alisinzia kitini.

Mtoto alitazama hadi mwisho. Alipoona baba yake amelala mapajani mwa bibi, damu shatini, akashika mkono wa bibi.

"Bibi, baba kafa?"

"Mtazame huyo hapo, anakoroma."

Mtoto alimtazama wa mkekani, akamtazama wa kwenye kioo. Hakuridhika.

"Na wewe mbona unalia? Unalia kweli?"

Bibi alifikiri. "Nilikuwa nalia kweli," akasema.

"Basi rudisha. Rudisha nyuma, afufuke."

Bibi hakujua kibonyezo kilipo. Mtoto alikijua. Picha ikaguna, ikaanza kurudi: fundi wa siku zile akatoka mlangoni kinyumenyume na funguo zake, machozi yakapanda mashavuni yakaingia machoni, mkono ukauacha ukosi. Damu ikakusanyika ikaingia shatini, shati likawa jeupe. Kijana akainuka kutoka mapajani, akasimama, akatembea kinyumenyume hadi nje kwenye mwanga wa njano, mzima, anatabasamu.

"Hapo," mtoto akasema. "Simamisha hapo."

Nje mvua ilikuwa bado inanyesha. Bibi alivuta shuka akamfunika aliyelala mkekani, kisha akaenda jikoni kutazama sufuria.