Sala Ndefu za Mzee Hiribae

Mzee Eliya Hiribae aliimba vibaya. Watoto wake walikiri hivyo waziwazi, na mjukuu wake Yunia, aliyempenda kuliko wote, alikuwa wa kwanza kulisema. Sauti yake ilianzia chini kama mtu anayesukuma pipa, ikapanda mahali isipotakiwa, kisha ikakatika katikati ya ubeti kwa kukosa pumzi. Lakini kwa miaka thelathini na moja watu wa Habaswein waliijua sauti hiyo, kwa sababu Hiribae alikuwa fundi wa kisima cha mji, na kila alipoifungua jenereta aliimba nyimbo za kanisa. Wimbo wa kwanza ukisikika, akina mama walijua maji yamekatika. Akifika wa nne, walijua kazi imekuwa ngumu, wakaanza kubana maji yaliyobaki madumuni.

Alikuwa Mpokomo kutoka kusini, kando ya Mto Tana, aliyepelekwa Habaswein na idara ya maji akiwa na mke, watoto watatu na sanduku la bati. Kanisa halikuwepo. Basi Jumapili yeye alikuwa mhubiri, mkewe alikuwa kwaya, na watoto walikuwa waumini wasio na pa kutorokea. Mahubiri yalichukua saa mbili. Siku moja mkewe alimkatiza: "Baba Komora, hata mitume walikuwa wanakula."

Yunia alipelekwa kwake akiwa na miaka minne, mama yake alipokwenda kusomea uuguzi. Wakati huo bibi alikuwa ameshafariki na kuzikwa Garissa, kwa hiyo Babu alijifunza kusuka nywele. Alisuka kama anayekaza nati. Mtoto alikwenda shuleni nyusi zimepanda juu, kila mwalimu akimuuliza ameshtushwa na nini, mpaka Leyla, jirani yao, alipomnyang'anya kitana.

"Wacha, wewe," Leyla alimwambia mzee kwa lafudhi yake ya Kisomali, iliyoigeuza pampu kuwa bambu. "Kichwa ya mtoto si bambu."

Kusoma pia alimfundisha mwenyewe, kwa kitabu pekee kilichokuwa nyumbani. Yunia akiwa na miaka saba aliweza kuandika Methusela na Nebukadreza bila kosa, lakini neno "kikombe" lilimtoa jasho.

Mume wa Leyla alikuwa Warfa, mfugaji wa ngamia, mtu mrefu mwenye ndevu zilizopakwa hina na maneno mengi. Kila alasiri yeye na Hiribae waliketi nje ya chumba cha pampu, wakinywa chai ya maziwa ya ngamia na kubishana habari za dini. Warfa aliomba Hiribae asilimu. Hiribae aliomba Warfa aokoke. Waliambiana wazi wameomba nini, kama watu wanaoulizana hali ya mifugo. Mwezi wa Ramadhani Hiribae hakula mchana, kwa adabu tu, asije akatafuna mbele ya waliofunga. Ikifika siku ya tatu alikuwa akiguna kuliko mji mzima.

"Wewe hata hufungi," Warfa alimwambia. "Unasumbuka bure."

Halafu ikaja miaka ya hofu, watu wenye bunduki wakiwawinda wasio Waislamu, na Wakristo waliotoka mbali wakawa wanafunga virago mmoja mmoja. Mama yake Yunia alipiga simu akilia, akimsihi baba yake ahame. Hiribae alijibu kwamba ile jenereta ina tabia zake, na mtu mwingine ataiudhi. Asubuhi iliyofuata Warfa alikiweka kiti chake mlangoni pa Hiribae, akakaa, fimbo mapajani. Alikaa hapo kila siku miezi minne, tangu baada ya swala ya alfajiri hadi jua linapozama. Yunia alipomuuliza kwa nini, alisema anapenda kivuli cha pale. Pale mlangoni hapakuwa na kivuli cha kumtosha kuku.

Hiribae alistaafu, akahamia Garissa, karibu na kaburi la mkewe na karibu na kanisa lenye kwaya halisi. Kwaya hiyo ilimpokea kwa furaha, ikamsikiliza Jumapili mbili, kisha ikampa kazi ya kupanga viti. Yunia, ambaye sasa alikuwa mwalimu mjini hapo, aliishi naye. Kila asubuhi Babu alimwombea kabla hajatoka, na kila asubuhi Yunia alichelewa gwaride la shule. Mwalimu mkuu alizoea, akaacha kuuliza.

Ukame ulipokaza, simu ililia wakati wa kifungua kinywa. Alikuwa Warfa.

"Hiribe, bambu imekufa. Fundi wawili wamekuja, wameangalia, wamekwenda. Ngamia inakuja kutoka kila upande. Sisi tunafanya nini?"

Babu alikuwa na miaka sabini na sita.

"Huendi," Yunia alisema. "Goti lako limekwisha."

"Jenereta haitengenezwi kwa goti," alijibu, na tayari alikuwa akitafuta viatu.

Yunia akaomba ruhusa kazini, wakaenda pamoja. Walipofika Habaswein, ngamia walikuwa wamejaa kuanzia kisimani hadi barabarani, wamesimama kimya kimya, na ukimya huo ulimtisha Yunia kuliko kelele. Babu aliingia chumba cha pampu, akavua kofia, akaiomba hadhara inyamaze. Jenereta ikawashwa. Ikakohoa, ikanguruma kidogo, ikazima. Akaagiza iwashwe tena, sikio lake likiwa karibu na bomba la dizeli. Mara ya tatu aliweka kidole chini ya kibano na kutabasamu. Palikuwa na ufa mwembamba kama unywele. Bomba lilikuwa linavuta hewa badala ya mafuta. Alikata kipande cha mpira wa tairi la baiskeli, akalizungushia bomba, akakaza kwa waya, huku akiimba. Watu wa nje waliposikia ile sauti, wengine walicheka kwa mara ya kwanza wiki hiyo.

Kisha, kabla ya kuwasha, akasema, "Tuombe."

Alimshukuru Mungu kwa maji yaliyo chini na kwa waliochimba. Akamshukuru kwa dizeli, na kwa aliyegundua dizeli, ambaye jina lake lilikuwa limemtoka. Akawataja wagonjwa. Akaanza kuwataja viongozi.

"Hiribe," Warfa alisema polepole, "Mungu amesikia. Ngamia ndio hawajasikia."

Akaendelea na viongozi. Ndipo Warfa akainua fimbo na kusema kwa sauti kubwa, "Amiin!" na wafugaji wote wakaitikia, "Amiin!" Babu akafumbua macho, ameguswa sana, akawasha. Jenereta ikashika.

Maji yalipotoka, mama mmoja aliyeitwa Osob, aliyekuwa ametembea siku mbili na mbuzi waliobaki, aliinamisha uso kwenye mkondo na kukaa hivyo bila kunywa. Yunia alimwona babu yake akigeukia ukutani na kujipangusa macho kwa kitambaa cha grisi. Alirudi Garissa na mstari mweusi usoni, na hakuna aliyethubutu kumwambia.

Jumapili alisimulia kanisani jinsi umati mzima wa Habaswein ulivyoitikia sala yake. Habari zikamfikia Warfa, naye akapiga simu siku hiyohiyo.

"Tulisema amiin ili umalize!"

"Mliisema," Hiribae alijibu kwa utulivu. "Sababu ni yenu."

Alifariki mwaka uliofuata, Jumanne asubuhi, kitandani kwake, baada ya chai. Yunia alikuwa akimsomea Zaburi. Babu alimkatiza mara mbili kumrekebisha matamshi. Yunia alipokosea mara ya tatu hakumkatiza, naye akajua.

Mazishini, Yunia alisoma wasifu ulioandikwa na wazee wa kanisa, ukurasa mzima wa sifa. Alipofika pale paliposema kwamba marehemu hakuwahi kugombana na mtu yeyote, fimbo iligongwa chini. Warfa alikuwa amesafiri kwa basi kutoka Habaswein, na sasa alikuwa akisimama.

"Hiyo si kweli," alisema. "Amegombana na mimi kila siku, miaka mingi. Kama hakugombana na mtu, basi mimi nilikuwa nani?"

Watu walicheka. Warfa alikaa chini na kujifunika uso kwa kilemba. Yunia akaukunja ule ukurasa, akawasimulia kuhusu kiti cha mlangoni.

Baada ya mazishi Warfa alikunywa chai nyumbani kwao, akamuuliza Yunia kama anaweza kupewa miwani ya babu yake. Yunia akamletea. Aliivaa, akatazama huku na huku, akasogeza mkono wake karibu na uso.

"Sioni kitu," alisema.

"Basi nirudishie, Awoowe," Yunia alisema, akimwita babu kwa Kisomali.

"Hapana," Warfa akasema, akaivua, akaitia katika mfuko wa shati na kufunga kifungo.